Resho ya gazi yenye haijifungi yenyewe isiingie tena mu nyumba zetu

Wandugu wakaaji wa Goma, wa Bukavu na wa miji ingine ya mashariki,

Siku hizi bomboni ya gazi imeingia mu nyumba mingi. Wamama wamechoka na moshi, gunia ya makala inapanda bei kila mara barabara inapofungwa, na kila mutu anajua miti ya hiyo makala inakatwa wapi. Pori ya Virunga ililindwa tangu 1925, ni ya zamani kuliko pori zote za kitaifa mu Afrika, na tunaikula kidogo kidogo mu mbabula zetu. Kwa hiyo watu wanasema: acheni makala, mupike na gazi. Ni neno nzuri na tunaliunga mukono.

Lakini kuna swali lenye halijaulizwa kwa sauti: tupike na resho ya namna gani? Ku soko utakuta resho mbili zenye kufanana, rangi moja, ukubwa mumoja. Ya kwanza, moto ukizimika, inafunga gazi yenyewe. Ya pili, moto ukizimika, inaendelea kumwaga gazi mu nyumba mpaka bomboni iishe ao mpaka mutu awashe kiberiti. Muuzaji hakuambii tofauti, na mara mingi yeye mwenyewe haijui. Ofisi yenye kazi ya kukagua bidhaa haikwambii. Unachagua kwa bei na kwa rangi.

Maoni yetu ni haya: resho yoyote yenye kuuzwa kwa kupikia ndani ya nyumba iwe na kifaa cha kufunga gazi moto ukizimika. Yenye haina isipite duwani, na isiuzwe ku soko. Tunaeleza sababu, juu tunataka kila mutu aielewe na aisimamie.

Gazi ya bomboni inalala chini kama mazuku

Sisi watu wa Goma hatuhitaji profesa wa kutufundisha hewa yenye kuua bila kuonekana. Tunajua mazuku. Ile hewa inatoka mu ardhi ya volkano, iko nzito kuliko hewa yetu, inalala mu mashimo, na mutoto mwenye kushuka mule hapandi tena. Mutu mukubwa mwenye kusimama anaweza kupita pembeni bila kusikia kitu, mbuzi inakufa mbele ya miguu yake.

Gazi ya bomboni inatembea vile vile. Ni propani na butani. Propani iko nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani karibu mara mbili. Ikitoka haipande ku dari, inashuka, inatambaa chini ya kitanda, inaingia mu chumba ya pili chini ya mulango. Watu wengine wanaichanganya na gazi ya mu Ziwa Kivu. Ile ya ziwa ni metani, nyepesi kuliko hewa, na Wanyarwanda wanatengeneza umeme nayo ku KivuWatt tangu 2016. Yetu ya bomboni haina tabia ile. Dirisha la juu pekee halitaitoa.

Tofauti na mazuku ni mbili. Ya kwanza, gazi ya bomboni inawaka. Ya pili, imeongezewa harufu mbaya makusudi, ili watu waisikie. Hiyo harufu inasaidia sana, lakini haisaidii mwenye kulala, mwenye mafua, ao mwenye kuwa mu nyumba yenye moshi wa makala na harufu ya samaki za fretini pamoja. Na kama gazi imelala ku miguu, pua iko juu.

Hesabu ndogo

Tufanye hesabu pamoja. Chukua chumba ya metre 3 kwa 3, urefu wa metre 2 na nusu. Ndiyo chumba ya watu mingi mu Birere, mu Majengo, mu Kadutu. Gazi ya bomboni inaanza kuwa ya kulipuka ikifikia karibu asilimia 2 ya hewa. Kwa kujaza chumba yote mpaka kiasi kile, unahitaji karibu kilo moja ya gazi. Bomboni ndogo ni kilo 6.

Lakini tumesema gazi hailingane mu chumba yote, inalala chini. Kwa kujaza nusu metre ya chini tu, gramu 200 zinatosha. Na jicho moja la resho ya kawaida, likifunguliwa yote, linatoa karibu gramu 200 kwa saa moja.

Saa moja! Ni muda wa nini? Ni muda wa maharagi. Mama anaweka maharagi ku gazi, anafunika, anachukua bido, anaenda kutafuta maji ku robine ya kartie fasi kuna mustari murefu. Huku nyuma chungu inachemuka, maji inamwagika, moto unazimika. Ao upepo unapita kati ya mbao na kuuzima. Gazi inabaki wazi. Anaporudi, mutoto wake mukubwa ameisha kuwasha mbabula ya bugali mu pembe ingine, juu mu nyumba zetu gazi na makala bado vinaishi pamoja. Si lazima mutu afanye ujinga. Kila mumoja alifanya kazi yake ya kila siku.

Na nyumba zetu ni za mbao. Baada ya lava ya 2002 watu walijenga na mbao juu ya mawe, kwa haraka, wakisema ni ya muda kidogo. Bukavu nayo tunajua vile moto unavyokula mbavu nzima za Kadutu, nyumba ikipasha nyumba, na gari ya pompiye haina fasi ya kupita. Kwa hiyo resho mbaya ya jirani ni shida yako pia, hata kama wewe hujanunua gazi maisha yako yote.

Kile kifaa kinafanya kazi namna gani

Angalia karibu na jicho la resho. Mara mingi utaona vijiti viwili vidogo. Kimoja kina udongo mweupe, ni cha kutoa cheche za kuwashia. Kingine ni chuma tupu, ncha yake inaguswa na moto. Hicho cha pili ndicho termokupli, ndicho tunachozungumzia.

Ndani yake kuna metali mbili tofauti zenye kuunganishwa. Mu mwaka 1821, mwanasayansi Thomas Johann Seebeck aliona kwamba metali mbili zikiunganishwa, upande mumoja ukapata moto na mwingine ukabaki baridi, sindano ya dira iliyo karibu inageuka. Maana yake umeme unapita. Ni kidogo sana: termokupli ya resho inatoa karibu milivolti 20 ao 30, mara 50 chini ya betri moja ya radio. Lakini inatosha kushikilia sumaku ndogo ndani ya robine ya resho, na ile sumaku inashikilia njia ya gazi wazi. Moto ukizimika, ncha inapoa, umeme unakatika, sumaku inaachilia, kamba ya chuma inasukuma na kufunga. Utasikia «tak». Yote hiyo ni mambo ya sekunde kadhaa, mara mingine karibu dakika moja.

Ndiyo maana resho yenye kifaa inakuomba ufinye robine na ushikilie kidogo kisha kuwasha. Unangoja ile ncha ipate moto. Na ndiyo maana mutoto mwenye kuchezea robine hawezi kuacha gazi wazi: akiachilia bila moto, inajifunga.

Muone vizuri jambo moja. Hicho kifaa hakihitaji SNEL. Hakihitaji batri, solari wala simu. Moto wenyewe ndio unakipa umeme wake. Kwa muji wenye umeme unaenda na kurudi kama mugeni, hakuna ulinzi wenye kutufaa kuliko huo. Na si jambo jipya la matajiri. Mu Japani, tangu Oktoba 2008, sheria inalazimisha kila jicho la resho ya nyumbani yenye kuunganishwa na gazi liwe na kifaa cha kufunga moto ukizimika, na kingine cha kuzuia mafuta ya fretini kupita kiasi cha moto. Mu Ulaya, sheria ya 2016/426, yenye kutumika tangu Aprili 2018, inasema resho ya kutumiwa ndani isiachie gazi yenye haijawaka ikajikusanya mpaka kuwa hatari. Viwanda vinajua kutengeneza resho nzuri. Vinatuma nzuri fasi zenye kuiomba, na yenye kubaki fasi zenye haziulizi.

Mafundi wenye kuking'oa

Kuna shida ingine, na hii iko kati yetu. Mu kartie yetu nimeona resho yenye ilinunuliwa na kifaa chake, mupya kabisa. Kisha miezi kadhaa ikaanza «kusumbua»: mama anawasha, anaachilia robine, moto unazimika. Akaita fundi. Fundi akafungua, akang'oa ile sumaku, akarudisha. Akalipwa, akaenda. Mama alifurahi, juu sasa resho inawaka mara moja bila kushikilia. Hakuna mutu aliyemwambia kwamba fundi alichukua ulinzi wake na kuuweka mu mufuko.

Ndugu fundi, mara mingi resho «yenye kusumbua» ina kosa dogo. Ncha imefunikwa na mafuta na masizi: isafishe na brosi. Ncha imesogea, moto haiigusi: irudishe fasi yake. Fasi ya kuungia imelegea: ikaze kidogo. Kama imekufa kabisa, termokupli ni kipuri chenye kubadilishwa, si lazima kutupa resho. Kung'oa kifaa ni sawa na kumukatia mutu frein ya moto yake juu ilikuwa inalia.

Mambo kifaa hakifanyi

Hatutaki kudanganya mutu. Kifaa kinalinda jambo moja: gazi yenye kutoka ku jicho bila moto. Hakioni tiyo yenye kupasuka nyuma ya resho. Hakioni detanderi mubovu. Hakizuii mafuta ya fretini kuwaka. Hakizuii hewa kuchafuka kama mumefunga kila dirisha na munaota moto wa jiko usiku.

Kwa hiyo tiyo ibadilishwe ikianza kukauka na kupasuka ao tarehe yake ikipita, na iwe tiyo ya gazi, si ya maji. Kutafuta fasi gazi inavuja, tumia maji ya sabuni: povu ikipanda, pale inavuja. Usitumie kiberiti, hata siku moja. Na usiku, ao ukitoka, funga bomboni yenyewe juu, si resho tu.

Tena kuna ile resho ndogo yenye kukaa moja kwa moja juu ya bomboni ya kilo 6. Ndiyo yenye bei ndogo, ndiyo wanafunzi na wapangaji wa chumba kimoja wananunua. Mara mingi haina termokupli, haina detanderi wa kupunguza nguvu ya gazi, na moto unawaka juu ya kichwa ya bomboni. Kwa kupikia inje, mwenyewe ukiwa karibu, ni sawa. Kwa kuiacha na maharagi mu chumba ya kulala, hapana.

Majibu kwa wenye kusema hapana

Wengine watasema: watu ni maskini, mukikataza resho ya bei ndogo watabaki bila kitu. Tunaelewa, sisi wenyewe tunatoka mule. Lakini angalieni nani analipa bei ya resho mbaya. Tajiri ana nyumba ya matofali, jiko yenye madirisha, bomboni inakaa inje. Maskini ndiye mwenye chumba kimoja cha mbao, watoto wanalala chini, pale gazi inalala. Mwenye kuhitaji kifaa zaidi ndiye mwenye kuuziwa resho bila kifaa. Na tofauti kati ya hizo resho mbili ni waya moja na sumaku moja. Kama serikali inataka kusaidia, ipunguze kodi ya duwani kwa resho yenye kifaa. Hiyo ingekuwa siasa yenye raia anaiona mu mufuko wake.

Wengine watasema: tatizo ni uzembe, watu wafundishwe kufunga. Ndiyo, wafundishwe. Lakini usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika, nani kati yenu alirudi mu jiko kuangalia resho mbele ya kukimbia? Na siku zilizofuata, ardhi ilipotetemeka mchana na usiku na kuta zikapasuka, nani alikuwa anahesabu robine? Tunaishi mu muji wenye mutu anaweza kutoka nyumbani akikimbia, juu ya volkano ao juu ya masasi. Ulinzi wenye kungoja kukumbukwa hautoshi kwa muji kama huu.

Wengine tena watasema: basi turudilie makala. Hapana. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa majiko uliua karibu watu milioni 3,2 mu mwaka 2020 duniani, na mu hao kuna watoto wadogo zaidi ya 237 000. Makala inaua polepole, bila kelele, na inamaliza pori. Gazi ni hatua ya mbele. Lakini watu wakianza kuungua, kartie yote itaogopa bomboni, na Virunga itarudi mu mbabula. Mwenye kutetea pori lazima atetee pia resho nzuri.

Yenye tunaomba

Tunajua hali ya miji yetu. Ofisi zingine zimefungwa, zingine zimebadilisha wenye kuzikalia. Lakini malori ya bidhaa bado inaingia, na duwani bado wanakamata franga kwa kila kitu chenye kupita. Mwenye kukamata kodi ya resho, hata awe nani, ana deni la kuangalia kama ile resho haitaua watu.

1. OCC iliundwa mu 1974 juu ya kukagua bidhaa. Tunaomba itangaze wazi kwamba resho na majiko ya gazi ya kutumiwa ndani lazima yawe na kifaa cha kufunga ku kila jicho, si ku jicho moja tu, na ikague ku mupaka. Kukagua kwake ni dakika mbili: washa, zima, sikiliza.

2. Inchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022. Bidhaa na gazi mingi vinatupitia upande ule. Wajumbe wetu waombe sheria moja ya resho kwa inchi zote, ili yenye kukataliwa kwa jirani isitupwe kwetu.

3. Wafanyabiashara waandike ku kila resho, mu Kiswahili: «inajifunga» ao «haijifungi». Muteja mwenye kuijua tofauti atajichagulia.

4. Wenye kuuza gazi wasijaze bomboni bila kuuliza resho gani, tiyo ya lini. Wao ndio wanaona muteja kila mwezi kuliko ofisi yoyote.

5. Mabayeri wenye nyumba za kupangisha waweke fasi ya bomboni inje, na tundu chini ya ukuta wa jiko, karibu na ardhi, juu gazi inatokea chini.

6. Mafundi waache kung'oa kifaa. Mwenye kujua kukitengeneza, ajulikane mu kartie na apate kazi.

Yenye kila mutu anaweza kufanya leo jioni

Usingoje ofisi. Jaribu resho yako namna hii. Fungua mulango na dirisha. Hakikisha hakuna mbabula wala mushumaa karibu. Washa jicho moja, ungoje dakika mbili ili ncha ipate moto vizuri. Kisha funga bomboni juu, uache robine ya resho wazi. Moto utakufa wenyewe juu gazi imekatika. Sasa nyamaza, weka sikio. Ndani ya dakika moja, nyingi moja na nusu, unapaswa kusikia «tak» ndogo. Umeisikia? Kifaa kinafanya kazi. Fanya vile kwa kila jicho, kisha funga zote. Haukusikia kitu? Ujue resho yako haikulindi. Tangu leo usiiache peke yake hata dakika tano, funga bomboni kila ukimaliza, na ukianza kuweka franga pembeni, ianze na hii.

Kisha uende kwa jirani ya kuume na jirani ya kushoto, uwaonyeshe namna ya kujaribu. Mu kikundi cha likelemba, mu kanisa, mu musikiti, mu shirika la wamama wa soko, muulize hilo swali moja: resho yako inajifunga? Tukiuliza wengi ku soko, kila siku, muuzaji ataanza kumuuliza mwenye kumuletea, na mwenye kumuletea atauliza kiwanda. Na duwani pia, siku moja, itabidi waulize.